Kiti cha Msikilizaji

Hedifoni zilikuwa na joto. Mtangazaji hakulitilia maanani jambo hilo, kwa sababu kitu chenye joto ndani ya studio si habari. Mitambo hupata joto, taa hupata joto, na chumba kisicho na dirisha la nje, kikishapitiwa na watu tangu asubuhi, kuta zake nazo hupata joto. Alizishika ili azitundike vizuri kwenye mgongo wa kiti, akahisi sponji za masikioni zina joto la mwili, kama kofia iliyovuliwa sasa hivi. Akazitundika. Ilikuwa Jumapili mchana, kipindi kilikuwa karibu kuanza, na kiti kile hakikuwa kimekaliwa na mtu tangu siku kilipoingizwa mle ndani.

Mume wake ndiye aliyekileta. Kipindi kilikuwa chake: kila Jumapili, santuri za zamani tu, salsa yenye matromboni na piano inayozunguka palepale mpaka mtu asimame, bugaluu, bolero za kulilia, na ile soul ya Kilatini ambayo mwimbaji huanza kwa Kihispania, mapenzi yakimzidi anamalizia kwa Kiingereza. Wasikilizaji walimwita Vijiti. Muziki ule una mapigo matano yanayogongwa kwa vijiti viwili vya mbao, matatu kisha mawili, na bendi nzima huyafuata hayo. Yeye hakuweza kuweka santuri bila kuyagonga kwa vidole juu ya meza, maiki ikiwa wazi, watu wakimsikia majumbani.

Alikuwa na kasoro moja. Pigo la tano alilichelewesha, kidogo tu, kama mtu anayesita mlangoni.

"Mzee, hilo la mwisho limekwama kwenye foleni?" fundi mitambo alikuwa akimtania kutoka upande wa pili wa kioo.

"Yale manne ni ya bendi," Vijiti alimjibu. "Hilo la mwisho ni langu."

Kuhusu kiti alikuwa na kanuni yake. Mtangazaji asiongee na umati, alisema, maana umati haupo. Kuna mtu mmoja tu, yuko jikoni kwake au chini ya gari bovu, na anataka asemeshwe yeye. Kwa hiyo aliweka kiti kitupu mbele ya maiki ya wageni, akatundika hedifoni mgongoni mwake, na kila kipindi alikifungua kwa kukitazama na kuuliza: "Wewe uliye kitini, umekaa vizuri?" Alisubiri kidogo, kana kwamba anasikia jibu, kisha akashusha sindano.

Kiharusi kilimkuta akipiga mswaki. Kilichukua upande wa kulia na kikaondoka na sauti. Mkewe alikuwa msomaji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mwanamke wa kusoma kilichoandikwa na kuzima maiki. Mkuu wa vipindi alipomwomba akishike kipindi, alikubali kwa sababu moja: kipindi kikifa, Vijiti hatakuwa na pa kurudi. Alikishika kama alivyokikuta. Mpangilio uleule, santuri zilezile, swali lilelile kwa kiti kilekile.

Jumapili ile ya hedifoni za joto aliuliza swali, akasubiri, akashusha sindano. Matromboni yaliingia. Baada ya santuri ya pili akafungua simu.

"Mimi dereva wa lori, nimeegesha kando ili nisikilize," mpigaji wa kwanza alisema. "Hongera mama. Kumbe mzee ameshapata nafuu."

"Nafuu gani, ndugu yangu?"

"Si huyo hapo anagonga meza? Tunamsikia huku."

Mtangazaji alitazama mikono yake. Ilikuwa juu ya jalada la santuri, imetulia.

Wa pili alikuwa mwenye duka la vitambaa, msikilizaji wa miaka mingi, mwenye mdomo. "Mwambie Vijiti tumemkosa. Na mwambie hospitali wamemfanyia kazi nzuri, siku hizi lile pigo la mwisho halichelewi. Wamemnyoosha mpaka vidole."

Alicheka, na mtangazaji akacheka naye kwa sababu alikuwa hewani. Alipoinua macho, fundi mitambo alikuwa amesimama nyuma ya kioo, anamwonyesha kwa kidole mshale wa kupimia sauti wa chaneli ya pili. Mshale ulikuwa unaruka. Matatu, kisha mawili.

Aliweka santuri ndefu, akatoka. "Chaneli ya pili ni ya nani?"

"Ni ya maiki ya wageni. Ile mbele ya kiti."

"Si mbovu ile?"

"Haina hata waya, dada. Waya nilichomoa mwenyewe wiki iliyopita, uko kabatini." Alifungua kabati akamwonyesha. Waya ulikuwa umekunjwa, umefungwa utepe. Wote wawili wakautazama.

Nyumbani, wifi yake alikuwa akimalizia zamu. Dada huyu wa Vijiti alikaa na kaka yake kila Jumapili, redio katikati yao. Tangu maradhi, Vijiti aliongea kwa mkono wa kushoto: pigo moja hapana, mawili ndiyo, na yale matano, la mwisho likisitasita, yalikuwa na maana ya nipo, nakusikia. Pia alikuwa bado anacheka. Kicheko kilibaki kizima, cha puani, na kilitosha kuifanya nyumba iwe nyumba.

"Leo mume wako huyu mwanamuziki kagoma," wifi alisema, halafu akaacha utani. "Kipindi kilipoanza tu, mkono ukalala. Nimemuuliza chai, kimya. Mpaka sasa."

Mtangazaji alichuchumaa mbele ya mumewe, akamgongea yale matano kwenye mkono wa kiti. Vijiti alimtazama kwa upole. Mkono wake wa kushoto ulikaa mapajani kama kitu alichopewa ashike.

Chumba cha habari kilikuwa kimemfundisha asisome jambo ambalo halijathibitishwa na watu wawili. Sasa alikuwa na dereva wa lori, mwenye duka na mshale wa chaneli ya pili. Hata hivyo Jumapili iliyofuata aliketi mahali pake, akakitazama kiti, na akauliza, kwa sababu ndivyo kipindi kinavyoanza.

Safari hii harufu ndiyo iliyojibu. Nywele zilizoungua, na chini yake kitu chenye ubichi, kama zulia lililokunjwa likiwa na maji. Mto wa kiti ulikuwa umebonyea katikati. Alitangaza bugaluu, akasimulia jinsi vijana wa New York walivyochanganya ngoma za wazazi wao na mitindo ya mtaa waliokulia, sauti yake ikiwa tulivu kama ya siku zote, na wakati makofi na vifijo vya ndani ya santuri vikiendelea, akasikia kicheko. Cha puani. Kilitoka ndani ya hedifoni alizovaa yeye.

Kisha ikaja sauti. "Saa Mbili," ilisema.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita hivyo. Vijiti alimpa jina hilo walipokuwa wachumba, kwa sababu ya taarifa ya habari, na alilitumia wakiwa wawili tu. Sauti ilikuwa yake, yenye mkwaruzo wa asubuhi. Mwaka mzima mtangazaji alikuwa akilala karibu na mtu huyu bila kuisikia, na sasa ilikuwa imesimama sikioni mwake.

"Niulize tena," ilisema. "Nikiulizwa, nakaa."

Alijua. Baadaye hakujidanganya kwamba hakujua. Mume wake alikuwa nyumbani hawezi kusema hata maji, na kitu kilicho mbele yake hakikuwa mume wake. Wimbo ulikwisha, akavuta maiki, na mahali pa kutaja jina la bendi akasema: "Wewe uliye kitini, umekaa vizuri?"

Aliuliza mara nyingi alasiri ile. Kila alipouliza, mkwaruzo ulizidi kuwa karibu. Mkuu wa vipindi alipita akamwonyesha dole gumba. Simu zilikuwa hazipumziki, watu walipenda joto la kipindi. Nyumbani, Vijiti hakucheka tena. Jumapili iliyofuata aliuliza tena, na jioni yake Vijiti hakugeuza macho mkewe alipoingia.

"Wifi," dada mtu alimwambia jikoni, akiongea chini chini, mgongo kauegemeza mlangoni. "Kaka yangu anaisha. Mwili sisemi, mwili unakula. Yeye. Kama kuna mtu anamchota kidogo kidogo, na mimi nimekaa naye hapa nakunywa chai."

"Daktari alisema maradhi haya yana kupanda na kushuka."

"Daktari hasikilizi redio." Alimtazama usoni. "Wewe unamsikia mule, siyo? Maana mimi namsikia. Jumapili hii nilimsikia akivuta pumzi unapopumzika. Nikamgeukia huyu hapa, yeye hata kifua kilikuwa hakipandi vizuri."

Fundi mitambo ndiye aliyempeleka kwa mganga. Mganga alikuwa mama wa makamo, katika nyumba ya kawaida yenye pazia la maua, na walimkuta akimsuka binti yake nywele. Hakuacha kusuka.

"Nakujua sauti," alisema. "Jumapili zote niko na wewe. Zilizopita mbili nimezima."

"Kwa nini umezima, mama?"

"Kwa sababu uliniuliza kama nimekaa vizuri, na kuna mwingine akajibu."

Alisikiliza habari yote, akichambua nywele kwa chanuo. Kisha akauliza kiti kina muda gani. Miaka kumi na zaidi, fundi alisema.

"Mtu unamwekea kiti miaka yote hiyo. Unampa hedifoni. Unamuuliza hali yake mbele ya mji mzima. Wapo wanaozunguka hawana hata kizingiti cha kukalia. Ninyi mmemwandalia mto." Alisema bila ukali. "Huyu hakuvunja mlango wenu. Kwa hiyo hakuna wa kumfukuza ila aliyemkaribisha."

"Nifanye nini?"

"Usimuulize. Jumapili, santuri ikicheza mpaka mwisho, usiweke nyingine. Maiki iwe wazi na msiseme neno. Kimya. Mgeni asiyesemeshwa huona aibu, huyu naye ni hivyo hivyo. Katika kimya hicho toeni kiti nje ya jengo, kikiwa kitupu, kichomwe. Akiita, msiitike. Na mtu asikikalie, hata kwa kukiegemea. Umenisikia? Kitoke kitupu."

Mtangazaji aliinamisha kichwa. "Na sauti?"

"Sauti gani?"

"Ya mume wangu. Ameichukua. Akiondoka, itarudi kwa mwenyewe?"

Mganga aliacha kusuka. "Sauti ilichukuliwa na maradhi, mama. Huyu aliiokota tu njiani. Alivyochukua yeye ni hivi vingine, kugonga, kucheka, kukujua ukiingia. Hivyo vitarudi. Sauti ataondoka nayo."

Njiani fundi aliongea kuhusu viberiti na mafuta ya taa, na uani mwa kituo palipo na nafasi ya kuchomea kiti. Mtangazaji aliitikia. Alikuwa akipiga hesabu nyingine. Kama kitu kimeokotwa, kinaweza kurudishwa. Kama sauti inakaa kwenye kiti kile, na mwenye sauti akakaa kwenye kiti kile.

Jumapili alikuja na Vijiti. Alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu kupitia ukumbi wa mapokezi, amemvalisha shati la vipindi, na wafanyakazi wa zamu wakasimama kumsalimu. Hakumtambua hata mmoja. Fundi mitambo alikuwa mlangoni mwa studio, na chupa ya mafuta ya taa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Dada, huyu vipi?"

"Amekuja kuona kipindi chake."

"Aone kutoka kwangu huku nje. Umesikia alivyosema yule mama."

"Nimesikia."

"Basi nipe nikae naye."

"Angekuwa ni mkeo?" alimuuliza, kwa sauti ile ya kusomea habari, na fundi, ambaye alikuwa na mke na alimpenda, akasogea pembeni.

Alimwinua Vijiti chini ya makwapa. Alikuwa mwepesi. Alimketisha kwenye kiti, juu ya mto uliokuwa umebonyea kabla hajaugusa, akamvisha hedifoni, na zile sponji ziliponasa masikioni alihisi joto lake likipanda kwenye vidole vyake kama la kikombe. Kisha akaenda mahali pake, taa nyekundu ikawaka.

Aliweka bolero. Ilikuwa santuri ambayo Vijiti aliipenda kuliko zote, gitaa, ngoma mbili na mwanamke anayeimba kama amekaa sakafuni, na aliiweka bila kuitangaza, bila kuuliza, akijiambia kwamba bado hajafanya jambo lolote lisiloweza kugeuzwa, kwamba wimbo ukiisha anaweza bado kukaa kimya kama alivyoagizwa, amvute mumewe pale, kiti kitoke, na wote warudi nyumbani na vile vidogo vyao. Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa imejaa chumba, na nyuma ya kioo fundi aliukodolea macho mshale wa chaneli ya pili uliokuwa umelala kabisa, jambo lililomtia hofu zaidi kuliko ulipokuwa ukiruka, huku mwanamke wa ndani ya santuri akifika ubeti wa mwisho, gitaa likipungua, ngoma zikiacha moja baada ya nyingine, mpaka pakabaki ule mkwaruzo wa sindano inayozunguka mahali pasipo na muziki, krrr, krrr, na maiki ikiwa wazi, na wasikilizaji katika jikoni zao wakiwa wameinua vichwa kusikiliza mbona kimya, na hapo ndipo sauti ilipoanza kumwomba, si kwa nguvu, kwa mkwaruzo ule wa asubuhi, ikimwita Saa Mbili, ikimwambia kuna giza huku, nimekaa upande, sijakaa sawasawa, niulize, mara moja tu niulize, na machozi yalikuwa yakimtoka Vijiti, yule wa mwili, machozi ya kweli kwa jicho la kushoto, na mkono wake wa kushoto, uliokuwa umelala wiki zote zile, ukanyanyuka kutoka mapajani na kugonga meza.

Pigo moja. Akasubiri. Akagonga tena, moja peke yake.

Mtangazaji aliliona. Pigo moja lilikuwa na maana ya hapana, na alikuwa amelisoma maelfu ya mara mwaka ule.

"Wewe uliye kitini," alisema, "umekaa vizuri?"

Sindano ilizunguka. Vijiti alifumba macho. Alipoyafumbua, alinyoosha mgongo, akaegemea maiki isiyo na waya, na katika kila redio iliyokuwa wazi mchana ule watu walimsikia vizuri.

"Nimekaa vizuri," alisema.

Simu za kituo zilizidiwa. Dereva wa lori alilia hewani. Mwenye duka la vitambaa alisema ametangaza bei ya chini mpaka jioni, kwa heshima ya mzee. Mkuu wa vipindi aliingia studio mwenyewe, jambo asilolifanya, akampa Vijiti mkono, na Vijiti akamwita kwa jina la utani la zamani ambalo wote walidhani limesahaulika. Harufu ilikuwa imeondoka. Fundi mitambo alisubiri watu watoke ndipo akagusa zile hedifoni.

"Zimepoa," alimwambia mtangazaji. Hakutabasamu. Alitoa kiti uani akakichoma, na kiliwaka haraka kama kiti chochote.

Nyumbani wifi alimkumbatia kaka yake mpaka ikabidi waachanishwe. Vijiti aliomba chai kwa mdomo wake. Alitembea mwenyewe, akiburuta mguu kidogo, kutoka sebuleni hadi mezani. Alisimulia kisa cha santuri iliyovunjika siku ya harusi yao, kama kilivyokuwa, bila kuacha jina, na wifi alicheka mpaka akakaa chini, akasema sasa anaweza kwenda kwake alale usingizi wa binadamu. Aliondoka akiimba.

Wakabaki wawili. Mtangazaji aliondoa vyombo. Redio ilikuwa imewashwa kwa sauti ndogo, kituo kilikuwa kinarudia kipindi cha mchana, bugaluu ya kufungia, na akiwa amempa mgongo, mikono ikiwa ndani ya maji, alimsikia mumewe akianza kugonga meza. Alifumba macho kwa furaha. Matatu, kisha mawili. Matatu, kisha mawili. Alisubiri lile la mwisho lisite mlangoni.

Halikusita. Lilitua mahali pake, sawa na bendi, kila mara.

Alifunga bomba. Hakugeuka. Nyuma yake vidole viliendelea mzunguko mmoja zaidi, safi kabisa, kisha vikanyamaza, na akajua kwamba ameonekana akihesabu. Kiti kililia kidogo juu ya sakafu, kikisogezwa karibu.

"Mbona umesimama, Saa Mbili?" sauti ya mume wake ilisema. "Njoo ukae. Nataka nikuulize kama umekaa vizuri."